UCHAMBUZI: Mpika bia achunguze nani anashikilia mapishi yake kabla ya kuchagua programu

MTU anayepika bia nyumbani mwake nchini Marekani, Uingereza au Norway leo hii huamua mambo mawili kabla hajabandika sufuria mekoni. La kwanza ni bia gani anataka kupika. La pili ni programu ipi ya tarakilishi itakayomfanyia hesabu na kumhifadhia mapishi yake.

Uamuzi huo wa pili huonekana mdogo, na wengi huufanya kwa kutazama bei na umaridadi wa skrini. Hata hivyo, mambo yaliyotukia tangu mwaka wa 2018 yamedhihirisha kwamba kuna swali jingine lililostahili kutangulizwa: kampuni iliyounda programu hiyo ikifunga milango yake kesho, mapishi yatabaki mikononi mwa nani?

Ili kulielewa suala hili, ni vyema kurejea nyuma kidogo. Uingereza iliondoa sharti la leseni kwa wapikaji wa nyumbani mwaka wa 1963, Reginald Maudling alipokuwa Waziri wa Fedha. Marekani ilichelewa. Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoruhusu upikaji wa bia nyumbani mnamo Oktoba 14, 1978, nayo ikaanza kutekelezwa Februari 1979.

Sheria hiyo ilimruhusu mtu mzima anayeishi peke yake kupika galoni 100 kwa mwaka, yaani takriban lita 378, bila kulipa ushuru. Nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi iliruhusiwa galoni 200. Sharti kuu lilikuwa kwamba bia hiyo isiuzwe. Majimbo yaliachiwa uhuru wa kujiamulia, na Alabama na Mississippi yakawa ya mwisho kuhalalisha shughuli hiyo, mwaka wa 2013.

Tangu mwanzo, wapikaji hao waligundua kwamba bia ni hesabu. Kimea cha shayiri hutoa sukari, nayo hamira huigeuza sukari hiyo kuwa kileo. Mpishi hupima uzito wa maji ya kimea kwa haidromita kabla ya hamira kutiwa, kisha hupima tena uchachukaji unapokwisha.

Kwa mfano, kipimo cha kwanza kikiwa 1.050 na cha mwisho 1.010, tofauti ya 0.040 huzidishwa kwa 131.25, na jibu ni kwamba bia ina kileo cha asilimia 5.25. Hiyo ndiyo hesabu nyepesi kuliko zote.

Zipo ngumu zaidi. Maji ambamo kimea huloweshwa yakiwa na joto la nyuzi 63 hivi, bia huwa nyepesi na kavu. Yakikaribia nyuzi 70, hubakia na utamu na uzito mdomoni. Maua ya hopsi, yanayotia uchungu, hutoa uchungu mwingi kadiri yanavyochemshwa kwa muda mrefu. Isitoshe, madini yaliyomo katika maji, kama vile kalsiamu na kloridi, hubadilisha ladha.

Programu za mapishi zilibuniwa ili kuziunganisha hesabu hizi zote. Mpishi akibadilisha kiasi cha kimea, programu humwonyesha papo hapo jinsi kileo, rangi na uchungu vitakavyobadilika.

Ubishi wa kawaida miongoni mwa wapikaji ni programu ipi iliyo sahihi kuliko nyingine. Ukichunguza kwa makini, ubishi huo hauna uzito mkubwa, kwa sababu nyingi ya programu hizi hutumia kanuni zile zile za hesabu, tena humwachia mpishi achague atakayo.

Tofauti kubwa imo baina ya kanuni zenyewe. Chukulia gramu 30 za hopsi zenye asidi ya asilimia 10, zikichemshwa kwa saa moja katika lita 20 za maji ya kimea yenye uzito wa 1.050. Kanuni ya Glenn Tinseth itasema kiwango cha uchungu ni 35 hivi. Kanuni ya Jackie Rager, kwa sufuria hiyo hiyo, itasema ni 46. Programu moja yaweza kutoa majibu yote mawili, na hakuna aliyedanganywa.

Kinachoifanya programu kuwa sahihi ni mpishi mwenyewe. Ni sharti aiambie sufuria yake hupoteza maji kiasi gani kwa saa inapochemka, na ni sehemu gani ya sukari ya kimea anayofaulu kuipata. Takwimu hizo hazipatikani kwa mara moja. Hukusanywa bia baada ya bia, na kusahihishwa kila mara.

Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Mtu aliyepika mara 30 na kuandika kila kipimo ana hazina ambayo haiuzwi dukani. Programu yaweza kununuliwa nyingine, lakini kumbukumbu za miaka mitano haziwezi kununuliwa. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika zama hizi, hata daftari lenyewe laweza kupotea.

Mfano wa kwanza ni Brewtoad, tovuti ya Marekani iliyojulikana awali kwa jina la Hopville. Wapikaji wengi waliandika mapishi yao humo na kuyashiriki na wenzao. Tovuti hiyo ilifungwa mwishoni mwa mwaka wa 2018. Waliosikia tangazo mapema walipata nafasi ya kutoa mapishi yao. Ambaye hakusikia alipoteza kila alichokuwa ameandika humo.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi. Kampuni ya PicoBrew, ya mjini Seattle, iliuza mashine zilizopika bia zenyewe. Wanunuzi walizilipia mamia ya dola, na aina nyingine zilizidi dola 1,000. Mashine hizo zilitegemea mtandao, kwani maagizo ya upishi yalitoka katika seva za kampuni.

Mwaka wa 2020 kampuni hiyo ilisambaratika na kuwekwa chini ya mrasimu. Ghafla wenye mashine wakatambua kwamba mtambo uliokuwa jikoni mwao, waliokuwa wameulipia kikamilifu, ulikuwa ukitegemea uhai wa kampuni iliyokwisha kufa. Kilichowaokoa baadhi yao ni ujuzi wa wenzao, ambao waliandika programu ya kuiga kazi ya seva zile na kuigawa bila malipo.

Ni kweli kwamba programu inayowekwa ndani ya tarakilishi nayo hufa. ProMash, iliyopendwa mno na wapikaji wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliachwa bila kuendelezwa. Lakini kifo chake kilikuwa cha polepole. Aliyekuwa nayo aliendelea kuitumia katika tarakilishi yake kwa miaka, akapata wasaa wa kuhamisha mapishi yake taratibu. Huduma ya mtandaoni ikizimwa, huzimwa kwa watu wote saa moja.

Kwa upande mwingine, si haki kuzilaani huduma za mtandaoni. Tarakilishi huibwa, huungua na kumwagikiwa na bia yenyewe. Mtu aliyehifadhi mapishi yake katika seva ya mbali aweza kuyafungua kwa rununu akiwa kando ya sufuria, hata kama tarakilishi yake imeharibika. Aidha, ada ya kila mwaka ndiyo humpa mtunzi riziki ya kuendelea kuirekebisha kazi yake. Programu inayouzwa mara moja tu huweza kumchosha aliyeiunda.

Basi mpishi atachaguaje? Sokoni kuna aina tatu kuu. Ipo BeerSmith, iliyoanzishwa na Brad Smith wa Marekani mwaka wa 2003, ambayo huwekwa ndani ya tarakilishi na kufanya kazi hata mtandao ukikatika. Ipo Brewfather, ya kutoka Norway, na pia Brewer's Friend, ambazo hutumiwa zaidi kupitia mtandao. Matoleo yao ya bure huwa na mipaka. Kisha ipo Brewtarget, ambayo ni ya bure kabisa na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha.

Kila moja ina sifa zake. Asiyetaka kulipa na asiyejali sura atatosheka na Brewtarget. Anayetaka hesabu nyingi na maelezo marefu ataipenda BeerSmith. Anayepika akiwa na rununu mkononi atavutiwa na Brewfather.

Lakini kigezo kinachostahili kutangulia vyote ni mlango wa kutokea. Tangu miaka ya 2000 pamekuwapo na muundo wa faili uitwao BeerXML, uliobuniwa ili mapishi yaweze kuhama kutoka programu moja hadi nyingine. Programu inayoweza kutoa mapishi yote katika muundo huo humwacha mpishi akiwa huru. Isiyoweza humfanya mateka, hata ikiwa inatolewa bure.

Mpishi na ajaribu mlango huo siku ya kwanza, akiwa na mapishi mawili tu. Ayatoe, ayafungue katika programu nyingine, na atazame kama hesabu zimefika salama. Atagundua kwamba mara nyingi orodha ya viungo hufika, ilhali maelezo aliyoyaandika pembeni au vipimo vya siku ya kupika huachwa nyuma. Ni afadhali ayajue hayo mapema kuliko kuyagundua siku kampuni inapotangaza kufunga.

Je, sheria haiwezi kumlinda? Humlinda kwa kiasi. Nchini Marekani, orodha tupu ya viungo hailindwi na sheria ya hakimiliki, hivyo hakuna anayeweza kudai kwamba gramu 30 za hopsi ni zake. Barani Ulaya, sheria ya kulinda data iliyoanza kutekelezwa Mei 2018 humpa mtu haki ya kudai data zake binafsi katika muundo unaoweza kuhamishwa. Kenya nayo iliweka haki kama hiyo katika Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019.

Tatizo ni kwamba haki hudaiwa kwa aliye hai. Kampuni iliyofilisika na kuzima seva zake haina wa kumjibu mdai, hata akiwa na sheria kwapani.

Kuna pia suala la nani anayenunua kampuni hizi. Mwaka wa 2016, Northern Brewer, mojawapo ya maduka makubwa ya vifaa vya wapikaji wa nyumbani nchini Marekani, ilinunuliwa na AB InBev, kampuni kubwa zaidi ya bia duniani. Ni kampuni hiyo hiyo ambayo mwaka huo iliinunua SABMiller, na kwa njia hiyo ikawa na hisa nyingi katika Tanzania Breweries.

Wapikaji wengi walikasirika, wakihofia kwamba shughuli waliyoianzisha ili kujitenga na viwanda vikubwa ilikuwa imenunuliwa na viwanda vivyo hivyo. Duka hilo liliuzwa tena baadaye, lakini funzo lilibaki: anayekuhifadhia kumbukumbu leo aweza kuwa mwingine kesho, bila wewe kuulizwa.

Haifai kudhani kwamba dawa ya haya yote ni usiri. Mnamo Septemba 2012, Ikulu ya Marekani chini ya Rais Barack Obama ilichapisha mapishi ya bia yake ya asali baada ya wananchi kuyaomba. Mwaka wa 2016, kampuni ya BrewDog ya Scotland ilitoa hadharani mapishi ya bia zake zote, 215 kwa jumla. Mapishi yaliyoenea kwa watu wengi hayawezi kuzikwa na kufungwa kwa seva moja.

Kwa Mkenya, jambo hili lina sura tofauti. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka wa 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho, inamtaka mtu awe na leseni kabla ya kutengeneza kileo, na kwa hivyo uhuru aliopewa Mmarekani mwaka wa 1978 haupo hapa. Wanaoweza kunufaika moja kwa moja na programu hizi ni wenye viwanda vidogo vilivyopewa leseni.

Hata hivyo, mapishi tunayo tangu jadi. Mpika busaa hujua kimea cha wimbi kiote kwa siku ngapi, naye mpika muratina hujua tunda litiwe lini katika maji ya asali. Ujuzi huo umehifadhiwa vichwani, na kila mzee anapoaga dunia huondoka na sehemu yake. Kwa hiyo si Wamarekani pekee wanaopoteza mapishi. Wao hupotezewa na seva, sisi hupotezewa na ukimya.

Dawa ni moja kwa pande zote mbili: nakala. Atakayechagua programu yoyote kati ya hizi na atoe mapishi yake yote kila baada ya miezi michache, ayahifadhi katika tarakilishi yake, na yale anayoyapenda zaidi ayachapishe kwenye karatasi. Akifanya hivyo, hata kama atachagua programu mbaya, hasara yake itakuwa pesa alizolipa tu. Asipofanya hivyo, hata programu bora itamwacha mikono mitupu siku mwenye seva atakapoamua kuizima.