Mchuzi wa mboga una faida, lakini si dawa ya presha

Huenda wewe, msomaji, ni miongoni mwa wale wanaokunja uso wakiandaliwa mchuzi wa mboga badala ya nyama. Nyumba nyingi za mjini huuona kuwa chakula cha mwisho wa mwezi, na mgeni akija hufichwa. Mimi sioni sababu. Sufuria moja ya karoti, minji, biringani, viazi na nyanya, iliyoungwa kwa kitunguu, tangawizi, dania, manjano na tui la nazi, ina mengi ya kuufaa mwili.

Karoti ina rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho. Rangi hiyo haifyonzwi vyema pasipo mafuta, kwa hivyo kijiko kimoja au viwili si anasa. Minji ina protini na madini ya chuma. Kamulia ndimu mchuzi ukishaepuliwa, kwani vitamini C huharibiwa na moto, nayo ndiyo husaidia mwili kuyapata madini hayo. Mwenye kisukari ahesabu viazi pamoja na wali wake. Hivyo ni wanga. Tui nalo liwe jepesi, kwa kuwa zito huongeza kolesteroli mbaya.

Chumvi ndiyo huharibu kazi yote. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai. Mpishi hutia chumvi, kisha akamimina unga wa kukoleza wa pakiti, ambao wenyewe umejaa chumvi. Viungo vya kazi gani basi?

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni sifa za manjano. Wapo wagonjwa wanaoacha vidonge vya shinikizo la damu kwa kuwa wanakula manjano kila siku. Kurkumini, kemikali inayosifiwa, ni karibu asilimia 3 tu ya unga huo, na mwili huifyonza kwa shida. Pilipili manga husaidia kidogo, lakini haiufanyi mchuzi kuwa dawa. Shinikizo la damu aghalabu halina dalili, na wengine hulitambua wakati wamekwisha kupooza upande mmoja.

Ikiwa umeviacha vidonge vyako, nenda kliniki upimwe wiki hii, hata kama hujisikii vibaya. Mchuzi endelea kuula.