Hao Twiga Unaowaita wa Kukopi, Umewahi Kuchora Hata Mmoja?

Leo sicheki na mtu.

Kuna dada mmoja maarufu hapa mjini, jina kapuni maana sitaki kesi. Kaposti video yuko kwenye duka la kitalii, kashika picha ndogo ya tingatinga, anasema hii siyo sanaa, wanakopi tu, mtu mmoja anatoa arobaini kama anakaanga maandazi. Komenti zote vicheko. Mimi sikucheka. Kaka yangu anafanya kazi hiyo, na nimekulia kwenye harufu ya rangi hapahapa Tandika.

Ngoja nikuelekeze dada. Oda ya picha 40 ikija, hazichorwi moja moja. Kaka anazipanga zote chini, anapaka rangi ya nyuma kwa zote, anaanika. Ile rangi ya mafuta haikauki chapchap, ukiwahi kuigusa umeharibu. Kesho yake anaweka miili ya twiga wote 40, brashi haioshwi mpaka wa mwisho. Wakikauka, madoa. Mwisho kabisa macho na ile mistari myembamba, mkono usitetemeke. Hakuna penseli, hakuna kufuta, na twiga wa 40 shingo yake iko sawa na ya wa kwanza. Jaribu wewe watatu tu, halafu uposti.

Halafu mnajifanya zamani haikuwa biashara. Mzee mwenyewe, Edward Saidi Tingatinga, alianza mwaka 1968, akichora kwenye vipande vya silingibodi kwa rangi za baiskeli, anawauzia wazungu wa Oysterbay. Alikuwa anatafuta hela ya kula kama sisi. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi kimakosa, akafa. Miaka minne tu, na mpaka leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake.

Sasa haraka inatoka wapi? Inatoka kwenye bei. Kaka analipwa elfu mbili kwa picha, dukani inauzwa elfu kumi na tano. Picha 40 ni elfu themanini, kazi ya siku tatu au nne. Humo atoe rangi, kitambaa, fremu na nauli. Akikaa na picha moja wiki nzima ili wewe umuite msanii, watoto wale nini?

Sikatai, ubaya upo. Twiga walewale, Kilimanjaro ileile, na wapo wanaosaini jina la mtu mwingine. Hapo hata mimi nawasema. Lakini chini ya kitanda cha kaka kuna picha kubwa ya Tandika siku ya mvua, daladala zimekwama, mama ntilie kafunika sufuria kwa kanga. Ni nzuri mpaka unasikia baridi. Mwaka wa pili huu hajaimaliza, kwa sababu twiga wadogo ndio wanaolipa kodi ya nyumba.

Kwa hiyo dada, ukitaka mtu achore taratibu, mlipe bei ya taratibu. Na zile tingatinga mbili ukutani kwako, tunaziona kila ukijirekodi sebuleni, mbona hujawahi kumtaja aliyezichora?

Povu ruksa kwenye komenti. Ila kwanza niambie: mara ya mwisho umenunua picha, ulimuuliza mchoraji anaitwa nani?