Si kila jani linafaa ngozi ya mtoto

Mtoto wako akirudi kutoka shuleni na mashilingi kichwani, huenda jambo la kwanza utakalofanya ni kukata limau au kuponda kitunguu saumu na kumsugua. Jirani atakwambia kuwa dawa ya miti haidhuru kwa sababu haina kemikali. Hapo ndipo ninapotofautiana naye.

Mimea imejaa kemikali. Baadhi hutibu na baadhi huunguza. Maji ya limau na ndimu yana kemikali ambazo zikipigwa na jua huchoma ngozi. Mtoto aliyepakwa asubuhi kisha akacheza uwanjani wakati wa mapumziko anaweza kutokwa na malengelenge baada ya siku moja au mbili, na mabaka meusi yakabaki kwa miezi. Kitunguu saumu kibichi kikifungwa kwenye ngozi kwa saa kadhaa huibabua kama moto. Hata mshubiri unaosifiwa kote una utomvu wa manjano chini ya ganda ambao huwasha. Ute mweupe wa ndani ndio ulio mpole.

Mafuta ya mwarobaini nayo yasiachwe ovyo, wala yasitiwe katika chupa ya soda. Mtoto mdogo akiyanywa anaweza kutapika, kulegea na hata kupatwa na degedege.

Isitoshe, mashilingi ya kichwani huingia ndani ya nywele zenyewe, mahali ambapo dawa ya kupaka haifiki vyema. Kwa kawaida hutibiwa kwa dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, baada ya mtoto kuonwa kliniki. Kila siku mnayopoteza mkijaribu majani, huenda anaambukiza wenzake kwa kofia na vitana.

Sisemi tuitupe miti ya wazee wetu. Nasema tuitumie kwa uangalifu. Ukitaka kumpaka mtoto mshubiri, jaribu kidogo ndani ya mkono wake na usubiri siku mbili. Akiwashwa au akifanya wekundu, achana nao. Usimpake kwenye kidonda wala karibu na macho. Na ikiwa amekwisha kupakwa limau, mwoshe kwa sabuni na maji na umkinge na jua. Akitokwa na malengelenge, usiongeze jani jingine juu yake. Mpeleke hospitali.