Vifungo Tu Vimebaki
Mpelekee fundi cherehani kitambaa mwezi wa Shaabani, usiku wa kuamkia Idi bado atakuambia, "Vifungo tu vimebaki." Ndivyo mashabiki wa hadithi za kisayansi walivyoishi na Harlan Ellison wa Marekani. Mikusanyiko miwili ya hadithi za waandishi mbalimbali aliyoihariri, wa 1967 na wa 1972, ilimjengea jina. Akatangaza wa tatu, The Last Dangerous Visions, kwamba u njiani. Tangazo likafuata tangazo, orodha ya hadithi ikanenepa, kitabu hakikuonekana. Watu walisubiri, kisha wakaanza kucheka. Mwingereza Christopher Priest, aliyewahi kumpelekea hadithi na kuiondoa alipoona kimya, mwaka 1987 alizipanga ahadi zile kwenye kijitabu chenye jina la kejeli. Kicheko kile nakihalalisha, maana waandishi waliomkabidhi kazi zao walikuwa wakifa mmoja mmoja, miswada imelala kwake. Lakini kejeli, hata ikiwa na haki, haijawahi kuchapa ukurasa. Ellison alifariki 2018. Aliyekaa kitako akachambua, akapunguza na kumalizia ni rafiki yake na msimamizi wa mirathi yake, J. Michael Straczynski, na kitabu kikatoka Oktoba 2024. Priest alikuwa amefariki Februari ya mwaka huohuo. Ahadi ni deni. Hili limelipwa na msimamizi wa mirathi, aliyedaiwa na aliyemcheka wote wakiwa wametangulia mbele ya haki.