Mahame ya Milimani Yaingie Kwenye Ramani

Kata ya Nyabibuye, mkoani Kigoma, ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kibondo hadi Kakonko ilipopata wilaya yake, mwaka 2012. Mipaka ya ofisi hubadilika. Makaburi ya babu zetu yako palepale mlimani.

Sisi Waha, watu wa Buha, tuliishi kwa kutawanyika. Kila mji ulikuwa na migomba yake, kahawa kidogo, maharage chini ya migomba, na jirani yuko mteremko wa pili, mbali kiasi cha kuitana kwa sauti. Waingereza walikusanya watu wa Buha miaka ya 1930 kwa sababu ya malale. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, nyumba zikapangwa mstari kando ya barabara. Shule na zahanati zilisogea karibu, na hilo nalishukuru kwa moyo wote. Lakini mashamba yakabaki mbali, na migomba isiyotiwa samadi ikafifia.

Wengi wamerudi kidogo kidogo juu kwenye mahame, na wajukuu sasa wanagombania mipaka wasiyoijua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila. Naziomba halmashauri za vijiji, kabla ya kupima, ziwapandishe wazee mlimani, wataje nani alikaa wapi, mti gani ulikuwa mpaka, chemchemi ipi ilikuwa ya wote. Mtendaji aandike, mkutano mkuu wa kijiji usikilize. Kina bibi waulizwe pia. Wao ndio waliolima.