Mwalimu mpya hapaswi kutupwa darasani

Kila Septemba shule za Bujumbura hupokea walimu wapya, na kila Septemba huwapokea vibaya. Wahenga walitaka mgeni apumzike siku mbili, ya tatu ndipo apewe jembe. Kwetu jembe hutolewa asubuhi ya kwanza: chaki, orodha ya majina, na mara nyingi lile darasa ambalo wazoefu wamelikwepa. Akishindwa, husemwa kwamba vijana wa siku hizi hawana wito. Tunakataa. Lawama ni ya Wizara ya Elimu na kurugenzi zake za komini.

Itazameni kazi yenyewe. Tangu karo ya shule ya msingi ilipofutwa mwaka 2005, madarasa yamefurika, na shule nyingi za jiji zinakwenda kwa zamu mbili, asubuhi na alasiri. Sheria ya Septemba 2013 ikaweka shule ya msingi ya miaka tisa, na katika mzunguko wa nne masomo yakaunganishwa kwa makundi. Aliyesomea kemia katika École Normale Supérieure anajikuta na fizikia na biolojia mkononi. Katika madarasa ya chini nako, mtoto aliyefundishwa kwa Kirundi miaka minne huhamishiwa Kifaransa, na anayetakiwa kumvusha huenda ametoka lisee ya ualimu juzi tu. Mtoto wa Buyenzi, ambaye nyumbani huzungumza Kiswahili, anavuka mara mbili. Kazi hiyo huwatoa jasho hata waliofundisha miaka ishirini.

Nani anamfuata mwalimu huyu? Mkurugenzi wa shule huingia darasani, ndiyo, ila huingia na karatasi ya tathmini. Hapo ndipo penye kosa kubwa kuliko yote. Anayekupa alama humwambii kwamba jana darasa lilikushinda, kwamba ulieleza sehemu za hesabu kwa Kifaransa na watoto wote wakakukodolea macho. Utamficha. Siku akija utafundisha somo ulilolizoea, naye ataandika kwamba mambo ni mazuri. Mlezi wa mwalimu mpya na mtathmini wake wasiwe mtu mmoja. Mpango wowote utakaowachanganya tunauhukumu mapema: ni ukaguzi uliobadilishwa jina.

Na tusiambiwe kwamba kumlea mwalimu akiwa kazini ni jambo geni. Burundi ilikuwa miongoni mwa nchi nne za kwanza kuujaribu mpango wa IFADEM, pamoja na Benin, Haiti na Madagascar. Walimu wa msingi walipewa vijitabu vya kujisomea, na wasimamizi wakawafuata katika shule zao. Mpango huo ulilenga walimu waliokuwa kazini tayari, tena kwa msaada wa jumuiya ya nchi zinazotumia Kifaransa, lakini ulionyesha kwamba mwalimu wa Burundi anafikika. Rwanda, baada ya kuamua mwaka 2008 kufundishia kwa Kiingereza, iliweka walimu walezi shuleni. Tanzania ina mpango wa MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambamo walimu hukaa pamoja katika shule yao kujadili mada zinazowasumbua.

Jibu tutakalopewa tunalijua: pesa hakuna, mafuta ya gari hakuna, mishahara haitoshi na walimu wanaondoka. Yote ni kweli. Lakini mlezi tunayemtaka haji kwa gari. Anafundisha chumba cha pili. Anachokosa ni saa. Kila tarehe 5 Oktoba viongozi husoma hotuba kuadhimisha Mapendekezo ya ILO na UNESCO ya mwaka 1966 kuhusu hadhi ya walimu. Mapendekezo hayohayo yanataka kipindi cha majaribio kiwe cha kumtia moyo na kumwongoza anayeanza kazi. Hotuba tumezisikia za kutosha.

Wizara itoe agizo kabla ya shule kufunguliwa, na komini za Mukaza na Ntahangwa ziwe za kwanza kulitekeleza. Mwalimu wa mwaka wa kwanza apunguziwe vipindi. Mzoefu mmoja atajwe kwa maandishi kuwa mlezi wake, naye apunguziwe vipindi, na asiulizwe na yeyote alama ya mlelewa wake. Mkurugenzi atakayempa mwalimu mpya darasa gumu kuliko yote shuleni ajieleze kwa barua.