Tunaposifiwa, Sifa Ziende Wapi?



Wahenga walisema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hii haikatazi kusifu. Tembo la jana lilikuwa jema kweli, na waliolisifu walisema haki. Anayeonywa ni mgema, na anayepunjwa ni mnywaji. Kwa maana hiyo unyenyekevu si jambo la moyo wa mtu na Mungu wake tu. Ni jambo la haki, kwa kuwa kiongozi anapolewa sifa, wanaoumia ni wale anaowatumikia.

Wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba Mkristo akisifiwa hana budi kukana: "Mimi si kitu, sikufanya lolote." Lakini kukana ukweli si fadhila. Tumtazame Mama Bikira Maria katika sura ya kwanza ya Injili ya Luka. Elizabeti alipomsifu, Maria hakukana. Alikiri kwamba ametendewa makuu, akamtaja Mwenyezi aliyeyatenda, kisha akawakumbuka wanyonge wanaokwezwa na wenye njaa wanaoshibishwa. Hiyo ndiyo njia ya Mkristo: kuupokea ukweli, kuurudisha kwa Mungu, na kutowasahau maskini.

Kinyume chake ni Herode, ambaye habari zake zimo katika Matendo ya Mitume, sura ya 12. Watu walimpigia kelele kwamba sauti yake ni ya mungu, naye akanyamaza na kuipokea sifa hiyo. Mara nyingi tunasoma habari ya adhabu yake na kusahau aya iliyotangulia: watu wa Tiro na Sidoni walitafuta amani naye kwa sababu nchi yao ilipata chakula kutoka katika nchi yake. Walisifu kwa kuwa walihitaji kula. Sisi tunaokaa katika mkoa wenye ukame tunalielewa jambo hili. Mwenye njaa humsifu mwenye ghala, na mwenye kuomba nafasi humsifu mwenye kuigawa. Kiongozi mwenye hekima haziiti sifa za namna hiyo upendo, bali hujiuliza ni hofu gani iliyozizaa, naye huiondoa.

Taifa letu lina mfano wake. Mwaka 1977 Azimio la Arusha lilitimiza miaka 10, na mwaka huohuo TANU na ASP ziliungana kuwa CCM. Ulikuwa mwaka wa shangwe. Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa Rais na Mkatoliki mwenzetu, angeweza kuketi na kusikiliza nyimbo. Badala yake alitoa taarifa juu ya miaka ile 10. Humo alitaja yaliyofanikiwa bila kuyaficha, kisha akakiri waziwazi kwamba Tanzania ilikuwa bado haijawa nchi ya kijamaa wala haijajitegemea, akaeleza na makosa yaliyofanyika. Mtu anaweza kupingana na siasa zake, na wengi wamepingana nazo. Lakini hakuwaacha wananchi walale juu ya sifa.

Basi sisi wa Itigi tufanyeje? Kwanza, tuwataje wenzetu. Mgonjwa anayepona katika Hospitali ya Mtakatifu Gaspari humshukuru daktari, na ni haki yake. Lakini wamo pia aliyefua mashuka, aliyekesha zamu ya usiku na aliyepika uji. Vivyo hivyo kigango kinapoezekwa, risala humtaja mgeni rasmi na mwenyekiti, huku akina mama waliobeba maji na mchanga wakipiga vigelegele tu. Kiongozi anayesifiwa na kunyamaza juu yao amechukua ujira wa wengine.

Pili, makofi yakiisha, tusome hesabu. Mweka hazina aliyesifiwa sana hana sababu ya kuogopa kuulizwa. Na tusikubali kamwe uaminifu wa mtu uwe kisingizio cha kutomkagua.

Tatu, tuzikatae sifa zenye bei. Yupo anayekuja kanisani wakati wa uchaguzi, akaisifu halmashauri yetu mbele ya waamini, na kesho yake akategemea tunyamaze kuhusu shamba la mjane lililochukuliwa. Sifa ya namna hiyo ni rushwa, ingawa haikufungwa katika bahasha. Tumshukuru kwa adabu, na suala la shamba tuliendeleze.

Aidha, tuwapende wanaotukosoa kwa haki, maana mara nyingi hao ndio wasiotuhitaji kwa chakula wala cheo. Tunawaomba wajumbe wa kila Jumuiya Ndogo Ndogo walijadili jambo hili katika kikao kijacho, na waanze kwa kuwataja kwa majina watu waliofanya kazi ambayo bado haijashukuriwa.